Mbwa Aliyeitwa Kasahau

Haya sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo, na macho yangu yote mawili yalikuwepo, na kama ningekuwa na la tatu nalo ningelikodoa. Ilikuwa Rungwe, miaka ile baridi ilipokuwa baridi kweli: moshi ulikuwa unaganda jikoni, akina mama wanaukata kwa panga na kuutupa nje. Leo mnavaa sweta mnasema mnaumwa.

Basi mtu mmoja alikuwa na mbwa wa kurithi. Mtu huyo ni Ambokile. Mdogo wake, Gwakisa, alifariki, na matanga yalipoanuliwa wazee wa ukoo wakagawa vitu vyake. Huyu jembe, yule koti. Ambokile wakamtupia mbwa. Akakataa, wakamwambia chukua, ni damu yako.

Sasa jueni, enzi zile mbwa hakupewa jina la kumpamba. Ukiwa na neno na mwenzako, unampa mbwa hilo neno, halafu kila jioni unapanda kilimani unamwita kwa sauti. Mwenye kusikia anasikia. Mbwa wa Gwakisa aliitwa Kasahau. Na bonde zima, mpaka ndama, lilijua nani kasahau. Mama yao alipokufa, Ambokile alikuwa Kilombero kwenye miwa. Habari ilimfika. Akajibu atakuja mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukapita, na mwingine, mpaka majani yakaota juu ya kaburi. Aliporudi uzeeni, ndugu hawa waliishi ng'ambo na ng'ambo ya kijito kimoja bila salamu. Lakini kila jioni Gwakisa alisimama kwenye migomba yake: "Kasahau! We Kasahau! Njoo ule!" Ambokile anajifanya anapepeta maharage.

Ndiyo maana mbwa alipoingia kwake, kitu cha kwanza alimbadilisha jina. Akamwita Simba. Akamfunga kamba, akampa dagaa, akamfundisha kukaa, kusubiri, kuja. Mbwa akala dagaa. Mengine hayakumhusu. Alikuwa mbwa mzima, meno yameshageuka manjano. Ukimwita Simba anatazama nyuma kuona anayeitwa ni nani. Akipigwa fimbo analala chini kama gunia. Akifunguliwa tu anavuka kijito, anapita katikati ya bustani ya jirani, Mama Tusekile, anameza mayai kwenye kiota (mayai makubwa, siku hizo yai moja lilishibisha kwaya), kisha anakwenda kujilaza mbele ya mlango wa Gwakisa uliofungwa.

Mama Tusekile alichoka. "Baba, mbwa mzima humbatizi upya," akamwambia Ambokile. "Unamwita hivyo kwa ajili yake, au kwa ajili yako?"

Ambokile akazidi kumwita Simba. Mwanamke akaenda kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi akatoa neno: Jumapili, watu wakitoka kanisani, mbwa aitwe. Akija kwa Ambokile, ana mwenyewe, aishi. Asipokuja ni mbwa koko, na vijana wana marungu.

Jumapili ikafika. Mbwa alikuwa ng'ambo, pale mlangoni. Ambokile akaita Simba. Akaita tena, akapiga mluzi, akatikisa sufuria. Mbwa hata sikio hakuinua. Vijana wakaanza kuvua viatu ili wavuke maji. Na mzee yule, akiwatazama, akakumbuka siku walipokuwa wawili tu wanachunga ndama, yeye na Gwakisa, wanachoma ndizi mbichi kwenye majivu, na mama yao anawaita kutoka kilimani majina yao yote mawili kwa pumzi moja. Mama na Gwakisa wote wamekwisha. Aliyebaki kuisubiri sauti ya Gwakisa ni mbwa.

Akapanda kilimani. Vijana wakaacha kuvua viatu, maana walishajua atakaloita. Akavua kofia, akaita mpaka shingo ikasimama mishipa:

"Kasahau! Ni mimi niliyesahau! Njoo nyumbani!"

Mbwa alikuja, jamani. Alikuja mpaka kijito kikasogea kando kumpisha, na upepo wake uliangusha mkungu wa ndizi, nikauokota mimi mwenyewe. Akasimama mbele ya Ambokile, akakaa kabla hajaambiwa akae. Kuanzia hapo alifundishika kuliko mtoto wa mchungaji. Mayai ya Mama Tusekile aliyaruka kama makaa. Na kila jioni bonde likasikia tena jina lile, kwa sauti iliyofanana na ya marehemu hata ng'ombe wa Gwakisa waligeuza shingo. Mwanzoni watu walicheka. Baadaye likawa saa yao: wakilisikia wanateremsha chungu motoni. Siku hizi hakuna anayeita chochote pale jioni, na mimi nikipita huwa nasimama kidogo bila sababu.

Mbwa mzima huitika jina alilokulia, na kosa la mtu nalo huitika likiitwa kwa jina lake.

Lakini nisiwadanganye sana, leo nimeshiba. Kimoja nimetunga. Wazee hawakumtupia mbwa. Pale matangani walishakubaliana mbwa auawe, jina life naye. Ambokile ndiye aliyenyoosha mkono akaomba apewe yeye. Je, wewe ungenyoosha?