Theluji ya Usufi

"Mwalimu, mto uko ukurasa wa ngapi?"

Swali hilo aliliuliza mtoto wa miaka saba, mkono juu, mbele ya wenzake ishirini na tisa. Hakuna aliyemjibu. Nitawafikisha huko. Kwanza niitikieni, maana siwezi kuubeba mzigo huu peke yangu.

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa na nini?

— Pakawa na mji, pakawa na maji!

Nani aliyaona maji?

— Sema wewe, sisi tunasikia!

Hapo kale, na si kale ya mababu zenu, ni kale ya juzi tu, palikuwa na kijiji kikiitwa Mkondoni. Huku nyumba, kule mashamba ya mpunga, katikati mto. Kivukoni pamesimikwa nguzo ya mti mgumu, na nguzo ina mikato mitatu. Maji yakigusa mkato wa kwanza, mwenye mzigo arudi. Yakigusa wa pili, arudi kila mtu. Yakigusa wa tatu, hakuna tena wa kuitwa.

Na nguzo ililindwa na nani? Na darasa la kwanza. Msicheke. Wakubwa wako shambani, wameinama. Wa madarasa ya juu wana mitihani. Watoto wa darasa la kwanza wana macho, wana koo, na hawana kazi nyingine. Hayo ndiyo yalikuwa masomo yao ya majira. Kiangazi waliokota mbegu na kuzihesabu. Kipupwe walikusanya usufi. Vuli walipanda kunde nyuma ya darasa na kuzipima kwa vidole. Na masika, kila mchana, walitoka na mwalimu wao, Mwalimu Salha, wakakaa ukingoni wakisoma alama za nguzo. Maji yakigusa mkato, wote thelathini walisimama, wakapiga mabati, wakapiga kelele: "Maji! Maji! Maji!" Ng'ambo wakasikia. Wakavuka. Miaka na miaka, hakuna aliyezikwa na mto.

Kisha akaja Mwalimu Mkuu mpya, Bwana Makame. Koti jeusi, sanduku la vitabu, na habari njema. Akaita wazazi.

"Kuanzia leo," alisema, "darasa la kwanza litasoma kwa lugha mbili. Asubuhi hadi jua la utosi, Kiswahili. Jua likishapita utosi, Kimombo mpaka kengele ya kwenda nyumbani."

Wazazi walipiga vigelegele. Mmoja alisimama na kanga yake mkononi: "Wanangu watasema kama watu wa redioni!"

Mzee Shomari, fundi wa majembe, akauliza kutoka nyuma: "Na nguzo je, Mwalimu? Ndiyo zamu yao ya mchana."

"Nguzo si somo, mzee wangu. Majira yamo kitabuni, yote manne, tena kwa picha."

"Ah, mzee, kaa bwana!" walimwambia wenzake. "Unataka watoto wawe vyura?"

Wakacheka. Mzee Shomari akakaa.

Sasa mimi sina ugomvi na lugha mbili. Hata tatu, hata nne, mtoto ana nafasi. Ugomvi wangu ni na kibao. Bwana Makame alichonga kibao, akakitia kamba, akakichora punda. Atakayesema Kiswahili jua likishapita utosi, atavishwa. Mara ya kwanza, aibu. Mara ya pili, aibu na viboko. Mara ya tatu, kusanya daftari zako, uanze upya mwakani. Na mabati ya kule mtoni? Yalifungiwa stoo, yasilete fujo.

Katika darasa hilo alikuwamo Mwanakheri. Mama yake alikuwa amefariki, naye akilelewa na bibi yake, Bi Faida. Bi Faida hakujua kusoma, wala mama yake, wala mama wa mama yake. Kila asubuhi alimfunga mjukuu wake vifungo vya shati na kumwambia:

"Mimi nalima kwa mikono, wewe utalima kwa kalamu. Usiniletee kibao mlangoni, nakuomba. Nitakufa kwa aibu."

"Sileti, bibi."

Siku ya kitabu kipya, asubuhi, Mwalimu Salha alifungua ukurasa wa majira. Picha ya kwanza, majani mekundu yanaanguka. Ya pili, theluji. Ya tatu, maua. Ya nne, watoto wanakula barafu ufukweni. Watoto waliufunua ukurasa, wakaugeuza, wakautazama kwa nyuma. Hapo ndipo Mwanakheri aliponyoosha mkono na kuuliza lile swali lake. Mwalimu Salha alifungua mdomo. Bwana Makame alikuwa dirishani. Mwalimu Salha akafunga mdomo.

"Tazameni theluji," alisema.

Ikawa masika, nao wakafundishwa baridi kali. Kila mtoto aliambiwa alete konzi ya usufi kutoka kwenye godoro la kwao. Wakaubandika kwa uji kwenye makaratasi ya manila, miti myeupe, mapaa meupe, ardhi nyeupe. Wakaimba wimbo wa theluji, ambayo kwa Kimombo waliiita sinoo. Bwana Makame alifurahi mno akaamuru makaratasi yabandikwe madirishani, wageni wakija wayaone. Darasa lile madirisha yake yote yalitazama mto. Yakafunikwa. Ukabaki upenyo mmoja, upana wa vidole vitatu, penye dawati la Mwanakheri.

Mnanifuata?

— Tunakufuata!

Hata siku moja, jua kali, mbingu haina wingu. Mvua ilikuwa imenyesha juu milimani usiku kucha, na Mkondoni hakuna aliyejua. Mashuke ya mpunga yalikuwa yameanza kujaa, ndege wamekuja makundi kwa makundi. Siku hiyo zamu ya kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga, ilikuwa ya Bi Faida. Alivuka asubuhi peke yake, akapanda dungu, lile jukwaa la miti katikati ya shamba, kopo la mawe mkononi.

Jua likapita utosi. Kimombo kikaanza. Mwanakheri alikuwa ameshavishwa kibao mara moja, wiki iliyopita, kwa kumwambia mwenzake "samahani."

Akachungulia kwenye upenyo. Maji yalikuwa kwenye mkato wa kwanza.

Akanyoosha mkono. Akatafuta neno. Alitafuta kitabu kizima kichwani mwake, ukurasa kwa ukurasa, na neno la mafuriko halikuwamo. Akachukua lililokuwa karibu.

"Ticha! Sinoo!" Akaonyesha dirisha.

Mwalimu Salha akatazama dirisha. Akaona usufi.

"Veri gudi, Mwanakheri! Makofi!"

Pa! Pa! Pa!

Akachungulia tena. Mkato wa pili. Akasimama juu ya dawati.

"Ticha! Sinoo! Sinoo ya maji!"

Fumo, aliyekaa nyuma yake, hakusema kitu. Aligusa shingo yake tu kwa kidole, hivi. Darasa zima likagusa shingo. Ndivyo walivyojifunza kuchongeana bila kufungua midomo. Mwalimu Salha alikitazama kile kibao kwa muda. Kisha akamvisha. Akampiga viboko viwili, vya polepole, macho yake yakiwa kwingine.

Sasa semeni nyinyi, wenye akili. Kibao kipo shingoni, mara ya pili. Neno moja zaidi na shule imekwisha, na bibi atakufa kwa aibu. Na bibi yuko ng'ambo. Mngefanyaje?

Mwanakheri alifanya hila. Ilikuwapo sentensi moja ya Kimombo ambayo darasa la kwanza lote liliijua bila kukosea, mwanzo hadi mwisho: ya kuomba kwenda chooni. Akafuta machozi, akainua mkono, akaisema yote, vizuri, kama mtu wa redioni.

"Nenda," alijibiwa kwa Kimombo.

Akatoka. Akapita choo mbio. Uwanjani akakutana na koti jeusi, nalo likamuuliza kwa Kimombo:

"Wewe! Choo kiko huko?"

Mwanakheri alishika tumbo, akajikunja, akaonyesha kichakani.

Bwana Makame akacheka. "Haya, wahi, usije ukaniharibia uwanja!"

Najua mnachotaka kuniuliza. Mbona hakumwambia? Mtu mzima yuko mbele yake, mwenye sauti, mwenye miguu mirefu! Nami nawauliza: amwambie kwa lugha gani? Jua lilikuwa limepita utosi.

Akafika kivukoni. Ng'ambo, Bi Faida alikuwa juu ya dungu, mgongo kwa mto, uso kwa ndege, kopo likilia kacha-kacha-kacha.

"Maji!" alipiga kelele Mwanakheri. Hapo hakujali tena kibao. "Maji, bibi! Maji!"

Sauti ya watoto thelathini na mabati yao huvuka mto ule. Sauti ya mtoto mmoja huanguka katikati. Upepo ulitoka ng'ambo, ukaichukua, ukairudisha darasani, na darasani walikuwa wanaimba theluji.

Alipiga kelele mpaka koo likakauka. Kopo likanyamaza. Bi Faida akageuka. Maji yalifichwa na mpunga mrefu; alichoona ni mjukuu wake ukingoni, saa za masomo, akirukaruka na kupunga mikono. Yeye sauti yake ilikuwa na upepo nyuma.

"Kheri! Umetoroka shule?"

"Maji, bibi!"

"Rudi darasani! Rudi, nasema! Haya, nakuja kukurudisha mwenyewe!"

Akashuka dungu. Mpunga ulikuwa mrefu, ulimfika kifuani, naye ameinama akiupasua, hakuona mbele. Alikuja kwa hasira, kanga ameifunga kiunoni, njia ileile aliyopita asubuhi maji yakiwa ya magoti. Mwanakheri aliona mpunga ukitikisika, ukitikisika, ukitikisika, ukija. Kisha ukaacha kutikisika. Kelele moja. Akatazama nguzo. Mkato wa tatu haukuonekana.

Akabaki amesimama pale, kibao cha punda kifuani, mpaka kengele ya kwenda nyumbani ilipolia.

Walimpata Bi Faida kesho yake, mto ulikomtupa, chini ya kijiji.

Siku ya tatu ya matanga, wazee waliita kikao palepale msibani. Watu walikaa mikekani, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Bwana Makame akasema: mimi nilifuata kitabu. Mwalimu Salha akasema: mimi nilifuata Mwalimu Mkuu. Wazazi wakasema: sisi tulitaka watoto wetu wafike mbali. Kila mmoja alisema kweli. Na ndilo linaloniuma, ndugu zangu. Ningempata mwongo mmoja tu kati yao, ningelala.

"Mtoto peke yake ndiye aliyeona," mmoja akasema. "Kwa nini hakupiga kelele mapema?"

"Eeh, kwa nini?" wengine wakadakia, upesi, kama watu waliotupiwa kamba.

Mzee Shomari akawanyamazisha kwa mkono. Akasogea mpaka alipoketi Mwanakheri, akachuchumaa mbele yake.

"Mjukuu wangu, waache hao. Niambie mimi. Uliona nini siku ile?"

Mwanakheri akafungua mdomo. Akaufunga. Akainuka, akapita katikati ya miguu ya watu, akatoka uani. Watu wakamfuata kwa macho.

Alisimama uani, akaweka kiganja juu ya macho, akalitazama jua.

Lilikuwa limepita utosi.

Akarudi, akakaa mahali pake, akaiweka mikono juu ya magoti. Mzee Shomari alimngoja. Alimngoja mpaka magoti yakamuuma, akakaa chini kabisa, akaendelea kungoja. Mtoto hakusema neno. Hakusema siku ile, wala kesho yake, wala vuli iliyofuata.

Ngano yangu imekatikia hapo, na si mimi niliyeikata. Aliyeipenda asinipigie makofi. Aliyechukia tumeshapatana.

Nina ombi moja kwako wewe uliyeketi karibu na mlango. Mwanao yule anacheza nje. Mwite, umuulize leo wamefundishwa nini, na umsikilize mpaka amalize.