Sala Iliyokatikia Kisimani

Paukwa!

Pakawa!

Ah! Huku mmewahi, kule mmechelewa. Hata kuitikia pamoja hamwezi? Haya, kaeni.

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na kanisa moja, na kisima kimoja chenye kamba ndefu. Wakagombana, jamani, wakagombana! Wakawa makanisa matatu. Wakagawana viti, wakagawana ngoma, na kamba wakaikata vipande vitatu. Kila kanisa likabaki na kikamba kisichofika majini. Wakawa wanateka maji mtoni, mbali kule, na kila mmoja anajiona ameshinda!

Siku moja Furahini, mtoto wa Mama Digidigi, akatumbukia kisimani. Mama mbio kwa Nyani, mkuu wa kanisa la kwanza.

"Bwana asifiwe, baba! Mwanangu anazama, lete kamba!"

"Hapa tunasema Tumsifu Yesu Kristo," akajibu Nyani.

Mbio kwa Ngiri, mkuu wa kanisa la pili. "Tumsifu Yesu Kristo! Mwanangu anazama!"

"Sisi ni Bwana asifiwe, mama. Anza upya."

Kwa Kobe, mkuu wa kanisa la tatu, akapiga mayowe tu. "Hata salamu huna?" akauliza Kobe.

Mayowe yakawatoa wote. Wakafika kisimani, kila mkuu na kikamba chake. Kikamba cha Nyani hakifiki majini. Cha Ngiri hakifiki. Cha Kobe hakifiki. Chini kule mtoto anasali Baba Yetu. Alipofika pale pa kuokolewa na maovu, kimya.

"Kaishia hapo, kama tunavyoishia sisi! Ni wetu huyo!" akasema Nyani.

"Hajamaliza, bado ufalme na nguvu! Ni wetu!" akafoka Ngiri.

"Kwanza alibatizwa kwa maji mengi au machache?" akauliza Kobe.

Maji mengi! Mtoto yumo kisimani!

"Kanyamaza kwa sababu maji yamemfika mdomoni!" mama akalia. Akawapokonya vikamba vyote, akavifunga fundo kwa fundo, akashusha. "Vuteni! Wote!"

Furahini akaing'ata kamba, wakavuta, akatoka tumbo limejaa maji. Nyani, hana hata haya, akainama: "Mjukuu wangu, ulikuwa umemaliza, au bado?"

Mtoto akatapika maji. "Niliwaachia mnimalizie huko juu, babu. Nikasikia mnagombana."



Funzo ni hili, na sirudii: mnaomwita Mungu Baba Yetu, mtoto wa mwenzio anapozama usimuulize anasali wapi. Mvute!

Ngano yangu imekomea hapo. Ikiwa tamu, ni yetu sote. Ikiwa chungu, mezeni hivyo hivyo.