Wageni wa Kwenye Kioo cha Bi Kanga

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa gani hiyo, kama mmemeza pamba? Paukwa!

— Pakawaaa!

Sasa ndiyo. Sogeeni. Fungeni mlango huo. Kila mtu ashike sikio lake la kushoto aseme: "Nikiitoa siri hii, ulimi wangu uote manyoya." Mmesema? Na wewe baba uliyeegemea ukuta, midomo yako nimeiona haikwenda. Sema. Haya.

Siri hii niliapishwa na Bi Kasuku nisiitoe. Bi Kasuku naye aliapishwa na Bi Kanga. Nimeitunza tangu jana asubuhi, na umri wangu mnauona, nikilala nayo siku mbili itaniozea. Basi naitoa.

Hapo zamani za kale, lakini si kale sana, maana umeme ulikuwa umeshafika, palikuwa na Bi Kanga. Mwanamke mzuri. Madoadoa yamepangika, shingo ndefu, adabu kubwa. Kichwa tu ndicho kilichokuwa kidogo. Akitaga mayai huyaficha kichakani, kisha husahau alikoyaficha. Mwaka mmoja, na hii ndiyo siri, msicheke, aliatamia mwezi mzima, anaimba, anabembeleza, kumbe amekalia mawe. Mawe kumi na manne!

Akalia. Akafuta machozi. Akanunua kompyuta.

"Mwaka huu sisahau," akasema. "Naandika."

Akaiweka mezani, akaifunika kitambaa cha kudarizi ili ipendeze. Akataga mayai kumi na manne, akayapa majina, akaandika: "Mayai yangu, kichaka cha miiba, nyuma ya kichuguu." Kompyuta ilikuwa nyepesi hiyo! Unabonyeza, pa! Herufi hii hapa. Unabonyeza, pa! Nyingine hii hapa.

Siku ya pili, kijisanduku kikatokea kwenye kioo. Ting!

"Hodi! Kompyuta yako ina kunguni. Nikusafishie? Bonyeza NDIYO."

Sasa, Bi Kanga alilelewa, akaleleka. Kwao mtu akipiga hodi haulizwi wewe nani. Huambiwa karibu kwanza, mengine baadaye. "Karibu, karibu, usisimame juani," akasema. NDIYO.

Ting! "Hodi! Umeshinda gunia la mtama!"

"Karibu!" NDIYO.

Ting! "Hodi! Nina saa ya kupendeza, niiweke pembeni?"

"Weka, mwanangu, nafasi ipo." NDIYO.

Ting! "Hodi! Mimi ni chura ninayecheza!"

"Cheza, baba, cheza!" NDIYO.

Kisha kompyuta yenyewe, kwa upole, ikaandika: "Naomba kusasishwa. Nina matundu ya kuziba."

Bi Kanga akakunja uso. "Wewe ni wa nyumbani. Wageni kwanza." Akabonyeza BAADAYE. Kesho yake ikaomba tena. BAADAYE. Keshokutwa ikaomba. BAADAYE, na sonyo juu.

Hazikupita wiki mbili, kompyuta ikachoka. Unabonyeza, kimya. Unakwenda kuchota maji, unarudi, ndiyo kwanza inasema p... p... pa. Feni yake vuuuu, vuuuu, kama nguruwe mwenye pumu. Ikapata joto, Bi Kanga akawa anapashia uji juu yake.

Na mayai? Kumi na manne yakawa kumi na mawili. Kumi na mawili yakawa tisa. Bi Kanga akahamisha kiota, akaandika mahali papya. Kesho yake, saba. Akahamisha tena, akaandika tena. Matano!

Akalia, kekeee! kekeee! Wa kwanza kufika alikuwa jirani yake, Kenge, tumbo limemtangulia hatua mbili.

"Pole, jirani. Pole sana, mama. Dunia imeharibika." Akacheua. Cheu! "Niwie radhi. Mboga za mchana hizo."

Bi Kanga, na machozi yake, akamwekea chai.

"Unamshuku nani?" akauliza Kenge.

"Sijui. Kilipo kiota najua mimi na kompyuta tu."

"Basi mwizi ni kompyuta."

"Kompyuta haina miguu!"

"Siku hizi huwezi kujua," akasema Kenge, akamaliza chai, akaomba nyingine.

Bi Kanga akaitazama kompyuta kwa jicho baya. Akamwita Fundi Nungunungu, yule anayebeba vifaa vyake vyote mgongoni. "Baba, ipasue tumbo hiyo. Nataka mayai yangu."

Nungunungu akachomoa mwiba, akafungua. Kri, kri, kri. Akachungulia.

"Mama, mayai hamna. Kuna vumbi. Na huu uji ni wa lini?"

"Wa juzi. Acha, bado mzuri."

Akapangusa, akafunga, akakitupa kitambaa cha kudarizi kule. "Inataka kupumua hii, si bibi harusi." Akatazama kioo. Akashtuka, miiba yote ikasimama. Wageni arobaini na watatu!

"Hawa wote ni nani?"

"Wageni."

"Unawajua?"

"Walipiga hodi! Ningewafukuza?"

"Mama, mgeni wa mlangoni unauona uso wake. Hawa umewaona nyuso?"

"Chura nimemwona. Anacheza vizuri."

"Na neno lako la siri ni lipi?"

"Kanga."

"Jina lako mwenyewe?"

"Nikiweka jina la mtu mwingine si uwongo huo?"

Nungunungu akashika kichwa, akajichoma. Kisha akaanza kazi. Saa, nje! Pu! Gunia la mtama, nje! Pu! Chura, nje! Pu! Bi Kanga akawa anawapungia bawa: "Kwaherini jamani, tusameheane." Kompyuta ikakubaliwa kusasishwa, ikashusha pumzi, fyuuu. Wakaweka neno la siri jipya, refu kama shingo ya twiga. Silisemi. Silijui. Bi Kasuku mwenyewe amejaribu.

Akabaki mgeni mmoja, yule wa kwanza, wa kunguni. Nungunungu akashusha sauti.

"Huyu anasoma unachoandika, mama. Kila siku anasoma, anampelekea mtu. Leo simtoi. Andika uwongo, tumwone anayemtuma."

"Mimi? Uwongo?"

"Yamebaki matano."

Bi Kanga akafumba macho, akaandika: "Mayai yangu matano nimeyaficha ndani ya ngoma kubwa ya harusi ya Bata." Pa! Pa! Pa! Herufi zikaja mbio. Ndani ya ngoma wakatia mawe matano, yale yale ya mwaka ule wa aibu. Hakumwambia mtu. Hata Bi Kasuku hakumwambia, na Bi Kasuku hajapoa mpaka leo.

Kesho yake mchana, harusi. Watu wote uani, vidole kwenye pilau. Ngoma kubwa iko pembeni, tundu lake chini. Bi Kanga hali, hanywi, macho kwenye ngoma.

Ngoma ikatikisika. Kru, kru. Ikasema: "Ka! Aaa, jino langu!"

Nungunungu akamkonyeza Nyani, mpiga ngoma. Nyani akainua magongo.

Ndu!

"Uwi!" ikajibu ngoma.

Ndu! Ndu!

"Uwi! Uwi!"

Watu wakadhani ni mtindo mpya. Wakainuka, wakacheza. Bata mwenyewe, bibi harusi, akakata kiuno. Ndu! "Nakufa!" Ndu! "Nakufa mie!" "Rudia! Rudia hapo!" wakapiga kelele wakwe.

Bi Kanga akaruka juu ya meza ya pilau, adabu yake yote akaiacha chini.

"Inua ngoma!"

Nyani akainua. Pwaa! Kenge huyo, mbele ya bibi harusi, mbele ya wakwe, mbele ya mpishi. Jiwe mdomoni, jiwe mkono huu, jiwe mkono ule. Maganda ya mayai ya juzi yamemganda kidevuni. Simu yake shingoni inawaka, na ndani yake maneno ya Bi Kanga, herufi kwa herufi.

Akatema jiwe. "Nilikuwa natafuta choo."

"Ndani ya ngoma?"

Kenge akatazama kulia, akatazama kushoto. Watu tele. Akaropoka: "Sasa kosa langu nini? Nilipiga hodi! Ukanikaribisha mwenyewe!"

"Hodi ipi?" Bi Kanga akauliza, taratibu kabisa. "Mimi nilimkaribisha wa kunguni."

Uwanja mzima: "Aaaaaaah!"

Na Nyani, magongo bado anayo mkononi, akauliza kama anaruhusiwa kuendelea.

Basi, wakubwa na wadogo, mafunzo ni haya: anayepiga hodi kwenye kioo, usimwambie karibu mpaka umjue. Kompyuta yako ikiomba kusasishwa, ikubalie siku hiyo hiyo. Neno la siri lisiwe jina lako. Na uji upashie jikoni.

Hadithi yangu imefika hapo, imeketi, hainyanyuki tena. Atakayeitoa nje, ulimi wake uote manyoya. Wangu nimeutazama asubuhi kwenye kioo. Una unyoya mmoja tu, tena mdogo.