Amina ya Bibi Yemima

Imepokewa kutoka kwa waumini waliotutangulia kwamba katika mji mmoja wa bara aliishi mja mwema aitwaye Bibi Yemima. Kwa miaka tisa alifungua vikao vya baraza la wilaya kwa sala. Alikuja amefunga, akawaombea viongozi hekima, kisha akamalizia hivi: "Na yote watakayoazimia leo, ee Mola, yathibitishe." Wakubwa waliitikia amina kwa sauti nene, naye akatoka kabla shauri la kwanza halijasomwa. Ndivyo ilivyokuwa desturi.

Nje walikaa wajane waliolima mchicha bondeni, wakiuza. Mmoja wao, Foibe, alizoea kumwekea Yemima kikombe cha uji wa ulezi, amekifunika kwa upindo wa kanga kisipoe. Hakuna aliyemtuma.

Siku moja, uji ukiwa bado wa moto mkononi mwa Yemima, tarishi alitoka ndani na karatasi, akawasomea wajane: "Baada ya kumwomba Mungu kwa kinywa cha Bibi Yemima, baraza limeazimia bonde litwaliwe, zijengwe nyumba za viongozi."

Yemima aliitazama karatasi ile. Wino ulikuwa umekauka zamani. Iliandikwa kabla hajafumba macho.

"Kumbe ni wewe uliyetuombea haya," mjane mmoja alisema.

Foibe alikuwa analia, lakini alikisukuma kikombe taratibu kuelekea mdomoni mwa Yemima. "Maliza, mama. Umefunga."

Yemima alikiweka kikombe chini bila kumaliza.

Kikao kilichofuata Yemima alisimama mbele ya wajumbe, asifumbe macho. Alijua kwamba akisali kama zamani heshima yake itabaki. Asiposali, mlango ule hataingia tena.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, someni kwanza mnachotaka kuamua, nijue ninachokiombea."

"Mama Yemima, wewe shughulika na mbinguni. Ya bondeni tuachie sisi."

"Mwacheni, anautaka udiwani!" mjumbe mmoja aliropoka. Ukumbi mzima ukacheka.

Alingoja kicheko kiishe. "Ee Mola, sala yangu iliyopita naitubia. Niliomba bila kujua, kwa sababu sikuuliza. Warudishie wajane bonde lao."

Hakuna aliyeitikia amina.

Baadaye aliitwa mwombaji mwingine, akasali kwa ufupi, akatoka. Nyumba zikajengwa. Foibe aliambulia kipande cha mlima chenye mawe matupu, na Yemima akawa anakwenda kumsaidia kuyaokota hadi vidole vikachubuka.

"Umefunga tena leo, mama?"

"Nimefunga. Bado nawaombea viongozi."

"Hata sasa?"

"Sasa ndipo hasa. Watubu."

Foibe aliweka jembe chini, akaenda kuwasha moto wa uji.

Ndugu wapendwa, bonde halikurudi, wala tusijidanganye kwamba lilirudi. Kuwaombea wenye mamlaka ni wajibu wetu. Lakini kabla ya kutamka amina, tuulize inawaangukia akina nani. Na tumkumbuke mjane yule, aliyedhulumiwa asubuhi ile ile, akajali kwamba mwenzake hajala.