Zizi la Kondoo wa Sura Moja

Hii nimeipata kwa mfugaji mmoja, naye aliipata kwa mwingine. Naipitisha kwako kama ilivyo. Isome hata kama hujawahi kufuga kuku.

Mzee Parsaloi alikuwa amechoka. Si miguu tu, ingawa miguu nayo ilimuuma kwelikweli. Alichoka kuamka kila asubuhi, kumshika kondoo mmoja mmoja, kumfunua kope na kukuta ndani kumepauka. Kope ikipauka, ujue minyoo imeshakunywa damu. Baada ya siku chache taya huvimba kwa chini, na ukimaliza kuhesabu siku hizo unabaki na ngozi ya kuanika.

Mvua za mwaka huo zilikuwa nyingi, na minyoo hustawi kwenye majani mabichi. Dawa alinunua, akawanywesha, akarudia. Kondoo mia moja na arobaini wakabaki thelathini na mmoja. Ng'ombe wake walikwisha katika ukame uliotangulia, kwa hiyo hao thelathini na mmoja ndio waliokuwa uji, karo na heshima ya nyumba yake.

Sasa nikueleze walifikaje hapo. Miaka kumi na miwili nyuma, Parsaloi alinunua kondoo dume kutoka shamba la mbali: mwili mweupe, kichwa cheusi, mgongo mpana kama meza. Watu walimpachika jina Meneja, kwa sababu alikuwa na kitambi na kazi yake ilikuwa kula na kuzungukazunguka. Wanawe walizaliwa wanono. Sokoni walinunuliwa hata kabla ya kushushwa kwenye gari.

Parsaloi akavimba kichwa. Alipita boma hadi boma akiwaambia majirani, "Wahasini hao madume wenu wekundu wa kienyeji. Njooni niwape mwana wa Meneja." Nao wakawahasi, maana nani asiyetaka kondoo mnono? Nyumbani kwake binti za Meneja walipandwa na wana wa Meneja, kisha na wajukuu wa Meneja. Ilifika wakati ukisimama mlangoni mwa zizi lake huwezi kumtofautisha kondoo na mwenzake. Yeye aliona fahari.

Daktari wa mifugo, dada mmoja aitwaye Simaloi, alikuja akawatazama kondoo waliobaki. Hakuchukua muda mrefu.

"Baba, dawa peke yake haitawaokoa," alisema. "Kondoo wako wote ni ndugu wa karibu. Ugonjwa ukimweza mmoja, umewaweza wote. Wangekuwa wa damu mbalimbali, wengine wangekufa na wengine wangesimama. Wale wekundu wa zamani walikuwa wakivumilia minyoo hata bila dawa. Tafuta dume mwekundu, hata mmoja."

"Na nikimkosa?"

"Basi utafute kazi nyingine, baba."

Parsaloi akachukua fimbo na shuka yake, akaondoka. Boma la kwanza alikuta vichwa vyeusi. La pili, vichwa vyeusi. Kila alikofika, sura ya Meneja ilimtazama kutoka zizini. Jirani mmoja, ambaye naye alikuwa akianika ngozi, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza, "Si wewe uliyetuambia tuwahasi?"

"Ni mimi."

"Basi tuache tupumzike, mzee."

Akaendelea na njia. Alibakiwa na tumaini moja tu, Mzee Kisemei, rafiki yake tangu ujana, aliyeishi nyuma ya vilima ambako hata lori halifiki. Damu ya Meneja haiwezi kuwa imefika huko, alijiambia. Akatembea siku nne. Siku ya tatu alikaa chini katikati ya njia akafikiria kurudi, ila kurudi nako kulikuwa mbali.

Kisemei alimwona kwa mbali akatoka mbio, mikono juu.

"Paker! Karibu, Paker wangu!"

Kwao, watu waliopeana kondoo hawaitani tena kwa majina. Huitana Paker mpaka kaburini. Parsaloi aliitikia, akapewa kigoda na kikombe cha chai. Hapo kondoo wakaanza kurudi kutoka malishoni, naye akageuka kuwatazama. Vichwa vyeusi, kumi na wanane.

"Hawa umewatoa wapi?" aliuliza.

"Sokoni!" Kisemei alicheka. "Mwuzaji aliniapia kwamba baba yao ni mwana wa Meneja wako. Ulidhani ni wewe peke yako mwenye macho? Wekundu wangu wote niliwauza nikashika hawa."

Kisha kicheko kikamwisha. Akavuta kigoda chake karibu.

"Lakini nisikufiche, Paker. Wanakufa. Ni minyoo. Wanangu wananiuliza tutakula nini, nawaambia watulie. Kesho kutwa nilikuwa nafunga safari nije kwako."

"Kwangu? Kufanya nini?"

"Kukuomba mwana wa yule dume mwekundu niliyekupa. Umesahau? Ndiye aliyekuwa bora katika wote niliowahi kuwa nao. Zizi la mtu mmoja linaweza kufagiwa na ugonjwa kwa msimu mmoja, ndiyo maana baba zetu walikuwa wakipeana kondoo. Kwa hiyo sikuwa na hofu. Nilijua hata wangu wakiisha, damu yao iko kwa Paker."

Parsaloi aliweka kikombe chini. Alimkumbuka yule dume vizuri sana sasa, hata pembe zake. Alikuwa ameletwa mwaka uleule Meneja alipoanza kupata sifa, na Parsaloi aliogopa dume huyo asije akaharibu kizazi cha Meneja. Alimhasi, akamnenepesha, akamchinjia wageni waliokuja kumwona Meneja. Wote waliisifu nyama. Aliona aibu ambayo hajawahi kuiona tangu azaliwe.

"Haya, niambie," Kisemei alisema. "Alizaa wangapi?"

"Hakuzaa. Alikaa kwangu siku tatu. Siku ya nne nilimhasi."

Kisemei hakupiga kelele. Pengine angepiga, Parsaloi angepata nafuu.

"Nilimleta kwa miguu," alisema taratibu. "Siku nne, Paker. Kwenye mawe nilimbeba begani."

"Najua."

"Wanangu nitawaambia nini?"

Wazee wale wawili walikaa pale wakiwatazama kondoo wakiingia zizini. Mmoja alikuwa amekuja na mwingine alikuwa anajiandaa kwenda, kila mmoja akimtegemea mwenzake kwa kitu kilekile, na kitu chenyewe kilishaliwa na wageni miaka mingi iliyopita.

Funzo: Usifute kila kilicho tofauti kwa sababu leo umependa kimoja, maana hujui kesho itakuja na adui gani. Na ulichopewa kitunze, huenda aliyekupa aliweka kwako akiba yake ya mwisho.