Lami ya Paa la Ambakisye

"Asiyekwangua halijui tundu." Wajukuu wa Bibi Atuganile walimsikia mjomba wao akisema hivyo alipokuwa akisuluhisha majirani, wakakimbilia jikoni kuuliza maneno hayo yametoka wapi. Bibi hakuacha kupepeta maharage. "Yametoka kwenye paa lililovuja," akasema. Methali hii ilianza hivi.

Huko Tukuyu, mahali ambapo mvua haiombwi, aliishi Ambakisye na mkewe Sekela na mtoto wao Lusekelo, pamoja na mama yake Ambakisye, mwenye kifua kibovu. Nyumba yao ilikuwa nzuri, ya bati, ila ilivuja juu ya kitanda cha mama. Kila masika yakikaribia, Ambakisye alipanda na kopo la lami, akapaka kila alipodhani panafaa, akashuka akijipangusa mikono. "Limekwisha hilo!" Mvua ikinyesha, tone lilelile likarudi palepale.

Mwaka mmoja dari likafura kama unga uliochachuka. Mama akatangaza kwamba kitanda chake kikilowa tena, atahamia Kyela kwa binti yake.

"Sikukuzaa uje unizike nimelowa," akamwambia mwanawe.

Ambakisye akaondoka kwenda kununua lami nyingine.

Sekela hakutaka mkwewe aondoke. Tangu alipoolewa, mama yule ndiye aliyekuwa mwenzake wa kucheka naye. Lakini kulikuwa na jambo jingine lililomwasha moyoni: maji yanaingilia wapi? Yanapodondokea walipajua wote. Yanapoingilia hakuna aliyewahi kuuliza.

Akachukua tochi, akapanda ndani ya dari. Kwenye boriti akaona mstari mweusi wa unyevu. Akaufuata kwa mwanga, ukampeleka mbali na chumba cha mama, ukapanda, ukaishia upande wa choo, pale bomba la hewa linapotokeza nje ya bati. Kumbe maji yalikuwa yakisafiri!

Akaweka ngazi nje, akapanda juu ya paa. Bomba lilikuwa limezungukwa na bonge la lami kama kichuguu, lami ya mwaka huu juu ya lami ya mwaka jana. Akaanza kukwangua kwa kipande cha mbao ngumu, asije akalichuna bati. Iliyoshikilia sana aliilainisha kwa kitambaa chenye mafuta ya taa.

Ambakisye alirudi akamkuta huko juu, na wingu zito likishuka kutoka Mlima Rungwe.

"Mama Lusekelo! Unaivua nyumba nguo na mvua ile yaja?"

"Panda uone, Baba Lusekelo."

"Nione nini? Lami yangu?"

"Kilicho chini ya lami yako."

Alipanda kwa hasira. Wakalibandua tabaka la mwisho pamoja. Mpira uliovishwa shingoni mwa bomba ulikuwa umepasuka kwa jua, na lami ilikuwa imeuzunguka kama tuta, ikiyazuia maji yasiteremke. Yalituama pale, yakapenya kwenye ufa. Ambakisye akaingiza kidole, kikazama chote.

"Kumbe nilikuwa nayachimbia kisima," akasema polepole.

"Hukujua. Hata mimi sikujua mpaka nilipokwangua."

Akashuka mbio kurudi dukani. Safari hii alileta mpira mpya. Wakauvisha kwenye bomba kwa juu, ukingo wake wa juu wakauchomeka chini ya bati la juu ili maji yapite mgongoni mwake, wakaukaza kwa skrubu. Matone ya kwanza yaliwakuta ngazini.

Mvua ikamwagika. Wakaketi chumbani kwa mama, macho darini. Mama akapitisha kiganja juu ya shuka.

"Pakavu," akasema. "Kwani lilikuwa wapi hilo tundu?"

"Chooni, mama," Sekela akajibu.

"Miaka yote hiyo nimelalia maji ya chooni?" Mama akacheka mpaka akakohoa. Kyela hakwenda.

Baadaye jirani yao Mwakifuna alikuja kuomba lami iliyobaki, akisema paa lake linavujia sebuleni.

"Sebuleni ndiko maji yanakodondokea," Ambakisye akamjibu. "Lami nitakupa, lakini panda kwanza ukakwangue ya zamani."

"Nikwangue tena? Si nitazidi kuvujisha?"

"Utavujisha kidogo, ndugu yangu, lakini utajua. Asiyekwangua halijui tundu."