Kwa Nini Uholanzi Hakuna Chama Kinachotawala Peke Yake

Sogeeni, wajukuu zangu. Jambo hili lilinichanganya nilipolisikia, na huenda likawachanganya nanyi.

Hapo kale Uholanzi, nchi iliyolala chini kuliko bahari, alitawala mmoja tu, wengine wakatii. Bahari ilizuiwa na tuta refu la udongo, na mkuu wa tuta ndiye aliyesema watu wachimbe wapi. Mkuu huyo alipokufa, ikapigwa kura. Wakristo wa mishumaa, yaani Wakatoliki, walimtaka Joost. Wakristo wa zaburi, yaani Waprotestanti, wasiosalimiana na wale wa mishumaa, walimtaka Wobbe. Wachuuzi nao wakataka mtu wao. Kuhesabu, hakuna aliyefika nusu. Wakahesabu tena, vilevile.

"Sasa kashinda nani?" wakaulizana.

Basi kila kundi likatengeneza tuta mbele ya watu wake. Mpakani pakabaki kipande kisicho na mwenyewe, na nyuma yake aliishi mjane Aleida na wanawe wanne. Bahari ikapita papo hapo, mpaka jikoni kwake.

Aleida akawaita wakubwa wote watatu, akawakalisha mezani, maji yakiwafika vifundoni. "Hainuki mtu hapa mpaka mpatane!"

"Nikae na huyu?" Wobbe akanuna. "Hata kusali hajui."

"Mungu wetu si yuleyule?" akajibu Joost. "Ila wewe unampigia kelele."

Walibishana kutwa. Huyu akaacha hiki, yule akameza kile. Maji yalipogusa magoti, wakapeana mikono: watachimba pamoja, na nyumba ya Aleida ibomolewe, matofali yake yazibe pengo, maana ndiyo pekee isiyo ya kundi lolote.

"Nyumba yangu? Mimi niliyewaita?"

"Mama, tumeshapatana," wakamwambia kwa upole.

Pengo likazibwa, nchi ikapona. Aleida na wanawe wakalala wiki hii kwa Joost, wiki ile kwa Wobbe, mama wa watu asijue ashukuru au alie.

Na tangu siku hiyo, kule hakuna chama kinachotawala peke yake. Wa mishumaa na wa zaburi mwishowe wakawa chama kimoja, kikaketi katikati, leo kikitawala na hawa, kesho na wale. Vyama hukaa mezani miezi na miezi kabla serikali haijapatikana. Na wakitoka wakicheka, raia haulizi tena kashinda nani. Huuliza, "Safari hii mmebomoa ya nani?"